Kinyago na Mtu: Namna Tabia za Wahusika Zinavyofunuliwa katika Hadithi na Michezo

Kila hadithi ina nguzo mbili, nazo ni tukio na mtu. Aristotle, aliyeandika juu ya sanaa ya ushairi na michezo ya Wayunani katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, aliliweka tukio mbele, na tabia ya mtu akaifanya ya pili. Kwa maoni yake mchezo wa msiba waweza kuwapo bila ya tabia, lakini hauwezi kuwapo bila ya tendo. Hata hivyo kumbukumbu za wasomaji zaenda kinyume cha kanuni hiyo. Mtu aliyesoma kitabu utotoni husahau safari zilivyofuatana, na aghalabu husahau hata mwisho wake. Lakini mzee mkali, mke msiri au kijana mwongo aliyemo kitabuni hamsahau. Basi yafaa kuuliza: mwandishi hutumia njia gani hata maneno machache yaliyoandikwa juu ya karatasi yakawa mtu anayekumbukwa kama jirani?

Jibu linalotolewa mara nyingi madarasani ni lile la Mwingereza E. M. Forster, aliyegawa wahusika mafungu mawili katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1927. Fungu la kwanza ni la wahusika bapa, ambao wana sifa moja tu na hawabadiliki. La pili ni la wahusika duara, ambao wana mambo mengi ndani yao na waweza kumshangaza msomaji kwa namna ya kusadikika. Mgawanyo huo una faida, na Forster mwenyewe hakuwadharau wale wa kwanza. Lakini ulipofika katika uhakiki wa Kiswahili umetumiwa mara nyingi kama mizani ya kupimia thamani: ngano za wazee huhesabiwa kuwa duni kwa sababu watu wake ni bapa, na riwaya mpya huhesabiwa kuwa bora kwa sababu watu wake ni duara. Hukumu ya namna hiyo yataka kuangaliwa upya. Pwani ya kusini ya Tanzania, tangu Ziwani na vijiji vya Mtwara vilivyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma mpaka Kilwa, ina mifano ya kutosha ya kuonyesha kwamba jambo la maana si wingi wa sifa alizonazo mhusika. Jambo la maana ni umbali uliopo kati ya sura ambayo wengine humwonea na jambo alijualo yeye mwenyewe. Umbali huo ukifunguka, mhusika huanza kuishi. Ukibaki umefungwa, hubaki kinyago, hata akipewa sifa mia.

1. Mti uliosimamishwa

Wamakonde wana hadithi ya asili yao ambayo Mjerumani Karl Weule, aliyesafiri katika nchi ya Lindi, Newala na Mikindani mwaka 1906, aliichapa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Kwa ufupi, hadithi yaeleza kwamba hapo kale palikuwa na kiumbe mmoja aliyezunguka porini peke yake, ambaye hajawa mtu bado. Hakuoga wala hakunyoa nywele. Siku moja alichonga sanamu ya mti kwa mfano wa mtu, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka wote wawili mpaka Ruvuma, wakaoga. Huko mwanamke akazaa mtoto, naye alikuwa amekufa. Wakahama, akazaa wa pili, naye pia amekufa. Walipopanda nchi ya juu, katika uwanda ambao Wamakonde wanaukalia hata leo, akazaa wa tatu, na huyo akaishi.

Hadithi hii haina neno hata moja juu ya moyo wa mtu yule. Msimulizi hasemi kwamba alikuwa na upweke, wala kwamba alihuzunika kwa kufiwa. Asema tu kwamba hakuoga, kisha akaoga. Kwamba alikaa bondeni, kisha akahama. Lakini msikilizaji ajua kila kitu. Kuchonga sanamu ya mtu porini ni tendo la mwenye upweke, na kuyakimbia maji baada ya kuzika watoto wawili ni tendo la mwenye huzuni aliyejifunza. Kukua kwa mtu huyu, kutoka kiumbe mpaka baba, kumeonyeshwa kwa vitu vitatu: maji, mahali na idadi ya makaburi.

Hii ndiyo njia ya kwanza ya kufunua tabia, nayo ni ya kale kuliko zote: kulitoa tendo na kuinyamazia sababu. Mwandishi wa siku hizi anayejaza kurasa mbili kwa maelezo ya mawazo ya mhusika wake, na baadaye akampa tendo dogo, amegeuza mambo. Msimulizi wa Kimakonde alitoa tendo kubwa na maelezo machache, naye akamwachia msikilizaji kazi ya kuunganisha. Kazi hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji amwamini mhusika, kwa sababu mtu huliamini zaidi lile alilolitambua mwenyewe kuliko lile aliloambiwa.

2. Kinyago na aliyemo ndani

Katika nchi hiyo hiyo yapatikana mfano wa pili, nao ni ngoma ya vinyago. Wamakonde wa upande wa Tanzania walivaa zaidi vinyago vya uso, ambavyo pamoja na ngoma yake huitwa midimu. Wenzao wa ng'ambo ya Ruvuma, katika Msumbiji, walichonga vinyago vya kuvalika kichwani kama kofia kubwa, na ngoma yao huitwa mapiko. Vinyago hivyo vina aina zinazojulikana: mwanamke mwenye ndonya katika mdomo wa juu, mzee, sungura, Mzungu, Mwarabu, na kadhalika. Kila kimoja kina sura moja isiyobadilika. Kwa kipimo cha Forster, hakuna mhusika aliye bapa kuliko kinyago, kwa kuwa hata midomo yake haiwezi kusogea.

Walakini atazamaye ngoma hiyo haoni ubao. Huona mwendo, mabega, namna ya kusimama na ya kukimbiza watoto. Sura ni moja, lakini mwili unaoibeba unasema mengi. Tena, kwa mila, wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua kwamba ndani ya kinyago mna mtu wa kijijini mwao. Walitakiwa kuamini kwamba ni mzimu. Mvulana alipotiwa jandoni ndipo alipofunuliwa siri. Tangu siku hiyo alipotazama ngoma aliona mambo mawili kwa pamoja: mzimu unaocheza, na mtu amjuaye anayetoka jasho chini yake.

Hali ya mvulana huyu ndiyo hali ya msomaji wa hadithi iliyoandikwa vizuri. Watu waliomo hadithini humwona mhusika kwa sura aliyovaa. Msomaji amepewa nafasi ya kuiona sura na kumwona aliye nyuma yake. Mwandishi asiyempa msomaji nafasi hiyo amemwacha nje pamoja na wasiotiwa jandoni. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwandishi si kama mhusika wake ni bapa au ni duara. Swali ni hili: je, kuna mtu ndani ya kinyago, na msomaji atamjua lini?

3. Jina kama kinyago

Katika maandiko ya Kiswahili kinyago cha kwanza cha mhusika ni jina lake. Hakuna aliyelitumia jina kwa uwazi zaidi kuliko Shaaban Robert (1909–1962). Katika Kusadikika, kilichochapwa mwaka 1951, mshtakiwa ni Karama na mshtaki wake ni Majivuno. Wajumbe wanaotumwa nchi za mbali wana majina kama Buruhani, Fadhili, Auni na Amini. Msomaji ayajua maadili ya kila mmoja kabla hajafumbua kinywa. Wahakiki wengine wameiona njia hii kuwa nyepesi, kwa kuwa jina likishasema yote mhusika habaki na la kusema.

Kauli hiyo yaweza kuwa kweli kwa Majivuno, ambaye hafanyi ila lile ambalo jina lake lamtaka alifanye. Lakini katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Shaaban Robert alifanya jambo lililo gumu zaidi. Adili ni liwali wa Janibu, na jina lake ni shahada ya tabia yake. Lakini jambo la kwanza la ajabu ambalo mfalme Rai analipata kwake ni kwamba mtu huyu mwema huwapiga manyani wawili kwa mjeledi kila usiku. Hapo jina lasema hivi na tendo lasema vile. Msomaji hawezi kutulia mpaka apate sababu, na sababu inapokuja yaonekana kwamba manyani hao ni ndugu zake wenyewe, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa makosa yao, na kwamba Adili ameamriwa kuwapiga ingawa anawahurumia.

Kisa hiki kina asili katika hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini majina ni ya Shaaban Robert, na kwa majina hayo alikiongezea kitu. Kwa kumwita mtu Adili kisha kumtia mjeledi mkononi, alifungua umbali kati ya kinyago na mtu. Uadilifu wa Adili haujulikani kwa jina lake. Wajulikana kwa maumivu anayoyapata mkono wake unapofanya jambo ambalo moyo hautaki. Kwa hiyo jina lenye maana si kosa la uandishi. Huwa kosa pale tu tendo linapolifuata jina kama kivuli, bila ya kulipinga hata mara moja.

4. Usemi, heshima na mjomba

Njia ya tatu ni usemi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya miaka ya 1957 na 1958 na kuchapwa mwaka 1960, alimjenga Bwana Msa kwa mambo mawili: kiko chake na mazungumzo yake na rafiki yake Najum. Bwana Msa hafafanuliwi sana. Huvuta kiko, huuliza swali ambalo laonekana halina maana, hunyamaza. Naye Najum, ambaye hufahamu nusu ya jambo, hustaajabu kwa niaba ya msomaji. Akili ya mmoja yapimwa kwa mshangao wa mwingine. Huu ni ufundi wa kuweka wahusika wawili pamoja ili kila mmoja awe kioo cha mwenziwe.

Lakini usemi wa Kiswahili una hazina nyingine ambayo waandishi hawajaitumia ya kutosha, nayo ni namna watu wanavyoitana na kuamkiana. Chukua mfano wa mwandishi anayetaka kuandika hadithi ya kijana wa Ziwani aliyekwenda kufanya kazi bandarini Mtwara, akarudi kijijini baada ya miaka mitatu. Katika jamii za Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno juu ya watoto wa dada yake kuliko hata baba yao. Mwandishi aijuaye desturi hiyo hana haja ya kusema kwamba kijana amebadilika. Atamwonyesha akimwamkia baba yake shikamoo kwa furaha, na kukaa naye barazani, na kumgawia sabuni na sukari. Kisha mjomba atakapopita njiani na kikapu chake cha korosho, kijana atainuka, atasema shikamoo mjomba, na sauti itashuka. Mjomba atajibu marahaba, wala hataongeza neno. Wote waliopo barazani watajua kwamba kuna deni, au kosa, au ndoa iliyokataliwa. Na msomaji naye atajua.

Kurasa chache baadaye, kijana yule akimwita mjomba wake bwana mbele ya watu, pigo litakuwa kubwa kuliko la fimbo. Neno bwana lenyewe lina heshima. Lakini kwa mjomba ni neno la kumvua ujamaa. Hapo tabia imekua, na kukua kwake kumeonyeshwa kwa kubadili neno moja la kuitia. Mwandishi wa lugha ambayo ina kiwakilishi kimoja kwa wakubwa na wadogo, na haina mlolongo wa shikamoo na marahaba, hana chombo hiki. Mwandishi wa Kiswahili anacho, naye akikiacha kwa kuiga vitabu vya kigeni amejinyima mwenyewe.

Yafaa kuongeza kwamba utani nao ni chombo cha namna hiyo. Katika nchi za kusini, ambako makabila mengi yana watani wao, mtu aweza kumtukana mtani wake msibani asilaumiwe. Lakini mtani anapolijibu neno la utani kwa hasira, huwa amefunua jeraha ambalo alilificha. Mwandishi aliye makini hulisubiri jambo kama hilo, kwa maana katika utani watu husema kweli wakiwa na ruhusa ya kusema uongo.

5. Sababu ya kubadilika

Kufunua tabia ni jambo moja, na kuikuza ni jambo lingine. Tabia hufunuliwa pale msomaji anapoona kilichokuwamo tangu mwanzo. Hukua pale kilichokuwamo kinapogeuka. Kosa linaloonekana mara nyingi katika hadithi za mafunzo ni kumgeuza mtu ghafula: mlevi husikia mawaidha, akatubu, binti mtiifu hufika mjini, akaharibika. Mgeuko umekuja kwa sababu mwandishi ameutaka, na mhusika hana habari nao.

Euphrase Kezilahabi aliliepuka kosa hilo katika Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, iliyochapwa mwaka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Ukerewe. Baba yake, mlevi mwenye mkono mzito, ampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo hicho, na ulinzi mkali uliofuata, vyampa Rosa woga wa wanaume ambao haukuwa wake kwa asili. Na woga huo unapovunjika, mbali na nyumbani, wavunjika wote kwa mara moja, kwa kuwa hakupata kufunzwa namna ya kuuweka na kuuondoa kidogo kidogo. Kila hatua ya kuanguka kwake ina kisa nyuma yake, na kisa hicho kina kisa. Mwisho, ambapo Rosa ajiua baada ya maisha yake ya zamani kuwa hoja dhidi yake, ni wa kusikitisha lakini si wa kushangaza.

Hapa pia jina ni kinyago. Rosa Mistika ni sifa ambayo Wakatoliki humwitia Bikira Mariamu katika litania yake. Binti amebebeshwa jina la usafi, na umbali kati ya jina hilo na maisha yake wapanuka sura hata sura. Katika Adili na Nduguze tendo lilipingana na jina, kisha likapatana nalo. Katika Rosa Mistika vitu hivyo viwili havipatani tena, na dunia inayomzunguka Rosa yamhukumu kwa jina, si kwa sababu.

6. Kinjeketile: kinyago kisichovulika

Mfano ulio mkubwa kuliko yote umetoka kusini, na historia yake iko karibu na kila nyumba ya kusini. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907 vilianza katika nchi ya Wamatumbi, vikaenea Lindi, Liwale, Masasi, Songea na kwingineko. Makadirio ya waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata yatofautiana sana, kutoka 75,000 mpaka 300,000. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kuchukuliwa na mzimu Hongo chini ya maji na kurudi akiwa mzima, akatoa maji ya kuwakinga watu na risasi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905, vita vilipokuwa vimeanza tu.

Mshairi wa kwanza mashuhuri wa vita hivyo alikuwa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Utenzi wake ulichapwa upya mwaka 1957 kwa uhariri wa W. H. Whiteley, pamoja na utangulizi wa historia wa Margaret Bates, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Utenzi huo ni habari ya matukio: nani alikwenda wapi, nani alipigana, nani alikamatwa. Watu wake wajulikana kwa walilolitenda vitani, kama ilivyo desturi ya tenzi za vita. Si haki kuulaumu kwa kukosa jambo ambalo haukulitafuta. Lakini swali lililobaki nyuma yake ni zito: mtu aliyetoa maji, na watu wakafa huku wakiyaamini, alikuwa nani? Alikuwa mwongo, au aliyedanganywa, au mkombozi? Kwa jamaa za wale waliokufa swali hili si la darasani.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943, alilijibu kwa mchezo wake Kinjeketile, uliochapwa mwaka 1969. Mtu huyu wa mchezo ni wa kubuni, wala hakuletwa kama nakala ya yule wa historia. Alijengwa kwa hatua ambazo zafaa kufuatwa moja moja.

Hatua ya kwanza, Kinjeketile atajwa kabla ya kutenda jambo lake kubwa. Wanawake wa kijiji, katika shida ya njaa na ya kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, wamzungumza kama mtu aliyejitenga na wenzake. Kwa hiyo watazamaji wampata kwanza kama uvumi. Hatua ya pili, azama mtoni, na siku ya pili yake atoka na maji na maneno ya umoja. Hapa amevaa kinyago kikamilifu: sauti si yake, na watu waliokuwa wakigombana wasimama pamoja kwa sababu yake. Mchezo ungalikoma hapa, angalikuwa shujaa wa kawaida wa hadithi za kishujaa.

Hatua ya tatu ndiyo inayougeuza mchezo. Kinjeketile ametamka kwamba baada ya ushindi watu watakuwa chini ya Seyyid Said wa Unguja. Akili yake inaporudi, aisikia kauli yake mwenyewe kama msikilizaji mwingine yeyote, na atambua kwamba ahadi hiyo haina uhuru ndani yake, kwa kuwa ni kubadili bwana kwa bwana. Kuanzia hapo ana shaka juu ya Hongo, na juu ya maji. Lakini shaka hiyo ni yake peke yake. Watu wamekwisha kulishika neno, nalo limekwisha kuwa kubwa kuliko aliyelileta. Awataka wangoje, hawawezi kungoja. Waingia vitani, na wengi wafa.

Pembeni yake Hussein amemweka Kitunda, mtu wa mipango, aliyefanywa kiongozi wa askari na kuwafunza nidhamu ya vita. Kitunda apima mambo kwa hesabu ya walio hai na waliokufa. Kama vile Najum alivyo kioo cha Bwana Msa, Kitunda ni kioo cha Kinjeketile, lakini hapa kioo hicho ni kikali zaidi, kwa sababu kinauliza maswali ya haki. Katika hatua ya mwisho wote wawili wamefungwa na kuteswa. Kinjeketile aombwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda ataka aseme, kwa sababu ndiyo kweli. Kinjeketile akataa. Yeye mwenyewe hayaamini maji; lakini akiyakana, wazao watafunzwa kwamba waliokufa walikufa kwa upumbavu, na neno la kupinga utawala wa kigeni litakufa pamoja nao.

Hapo ndipo ubora wa mhusika huyu ulipo. Mwanzoni kinyago kilikuwa na mtu ndani, na watu hawakumwona mtu. Mwishoni mtu angeweza kukivua, naye achagua kutokivua, huku akijua gharama yake. Tendo la nje ni lile lile, yaani kushikilia kwamba maji ni maji. Maana yake imegeuka kabisa. Mwandishi hakumbadilisha Kinjeketile kwa kumpa tabia mpya. Alimwacha na neno lake la zamani, akabadilisha anachokijua juu ya neno hilo. Mtazamaji ambaye amefuata mchezo ajikuta akiwa mahali pa mvulana aliyetoka jandoni: aona mzimu, na amwona mtu, wala hawezi kumchagua mmoja na kumwacha mwingine.

Wasomaji hawakubaliani juu ya haki ya uamuzi wa Kinjeketile, wala hapana haja wakubaliane. Wengine wauona kuwa ni ushujaa, na wengine kuwa ni kuendeleza udanganyifu uliokwisha kuua watu. Mchezo wabeba maoni yote mawili kwa sababu Kitunda naye hakufanywa mjinga. Kama Hussein angalimfanya Kitunda mwoga au msaliti, uamuzi wa Kinjeketile usingalikuwa na uzito, kwani ukubwa wa mhusika hutegemea nguvu ya anayempinga.

7. Mambo yanayofuata kwa mhakiki

Kutokana na mifano hii yaonekana kwamba kumpima mhusika kwa kuhesabu sifa zake ni kazi isiyo na matunda mengi. Mhakiki atafaidika zaidi akiuliza maswali manne. Kwanza, watu wengine hadithini humwonea mhusika huyu sura gani, na wameipata wapi: kwa jina, kwa cheo, kwa uvumi au kwa ukoo? Pili, ni tendo gani la kwanza lisilopatana na sura hiyo? Tatu, ni nani aliyewekwa karibu naye ili awe kioo chake, na je, kioo hicho kina nguvu ya kutosha? Nne, mwishoni mhusika anajua jambo gani ambalo mwanzoni hakulijua, na amelipa nini kwa kulijua?

Kwa maswali hayo mtu yule wa porini wa hadithi ya Wamakonde hastahili kuitwa bapa kwa dharau. Sura yake ya kwanza ni ya asiyeoga. Tendo lake la kwanza lisilopatana na sura hiyo ni kuchonga mfano wa mtu. Kioo chake ni mwanamke aliyetoka katika mti. Na alilolijua mwishoni, kwamba wanawe hawataishi bondeni, alilipia kwa watoto wawili. Hadithi yenyewe haizidi ukurasa mmoja, na bado maswali yote manne yana majibu.

Jambo la mwisho lahusu ukusanyaji. Hadithi nyingi za pwani ya Mtwara zilizohifadhiwa katika maandishi zilichukuliwa kwa muhtasari: mkusanyaji aliandika tukio, akaiacha sauti. Lakini imekwisha kuonekana kwamba katika sanaa hii tabia hukaa katika sauti inayoshuka, katika neno la kuitia, katika mwendo wa aliyevaa kinyago. Msimulizi wa Ziwani anapomwigiza sungura kwa sauti nyembamba na fisi kwa sauti nzito, na anapomfanya sungura amwite fisi mjomba huku akimwibia, amekwisha kujenga wahusika wawili, na muhtasari wa mistari kumi hauwezi kuwaonyesha. Kwa hiyo mkusanyaji aendaye huko yampasa aandike maneno yote kama yalivyosemwa, pamoja na maamkizi, kimya na vicheko vya wasikilizaji, na ataje ni nani aliyesimulia mbele ya nani. Msimulizi aweza kumwita fisi mjomba mbele ya watoto, na akaliacha neno hilo mjomba wake mwenyewe anapokuwa barazani. Na tofauti hiyo ni sehemu ya hadithi.